Homa ya uongo

Hii ilikuwa 2022, mwezi wa nane, tunaenda Singida kwenye arobaini ya baba mkwe. Mume alishatangulia kwa hiyo tulikuwa mimi na mwanangu tu, miaka sita, ana usonji, haongei, na nyumbani tunamwita Babu maana karithi jina la huyohuyo marehemu. Nilijiandaa jamani. Nilikata siti mbili ili asibanwe na mtu, nikachagua basi la saa kumi na mbili asubuhi nikijua wapiga debe watakuwa hawajachangamka (uongo mtupu, stendi ya Nanenane pale Dodoma saa kumi na moja na nusu ni soko tayari), nikabeba hedifoni zile kubwa za kuziba masikio wanazovaa mafundi wa grenda, na kifuniko chake cha bluu cha chupa ya maji. Bila hicho kifuniko hatuendi hata dukani.

Mpaka Bahi tuko vizuri. Anaangalia majaruba ya mpunga, anazungusha kifuniko vidoleni, mi nimeshaanza kujipongeza kimoyomoyo. Konda akawasha video.

Si mnaijua miziki ya kwenye basi, na spika ilikuwa juu ya vichwa vyetu kabisa. Babu akabana mikono juu ya hedifoni, akaanza ile sauti yake, mmmmmm, halafu kichwa kwenye siti ya mbele, pu, pu, pu. Siti ya mbele kakaa mzee mmoja wa koti, akageuka, "we dada, mtoto gani huyu hana adabu?"

Nikajibu fasta, "samahani baba, ana homa."

Sijui ilitokea wapi. Yaani nilikuwa nimechoka kusema usonji, maana mara ya mwisho nilivyosema kwenye daladala mmoja aliniuliza kama kwa wakwe wananipenda, mwingine akanipa namba ya mganga. Homa kila mtu anaijua. Na kweli basi zima likalainika, pole mama, pole sana, maji ya baridi yakatoka huko nyuma yakipitishwa mkono kwa mkono, machungwa, bibi mmoja wa Kigogo tuliyesalimiana naye mbukwa stendi akavua kanga yake nimfunike mtoto. Mzee wa koti ndo akawa baba mzazi kabisa. Ila mziki hakuna aliyeuzima. Auzime wa nini, homa na mziki vinahusiana nini?

Sasa tunapanda vilima vya Sukamahela, basi linakoroma, akanyanyuka mama mmoja akasema yeye ni nesi. Kabla sijamzuia kashaweka kiganja kwenye paji la Babu, na Babu kichwani haguswi, hata kumnyoa tunamnyoa akiwa amelala. Alipiga ukelele mpaka dereva akakanyaga breki.

Nesi ananiangalia. "Mbona wa baridi huyu?"

Nikasema imeshuka. Nikadhani nimepona, kumbe ndo nimeharibu, "ooh homa ya kupanda na kushuka hiyo, ni malaria, tusimame Manyoni apimwe, asije akapata degedege njiani." Konda kakubali. Abiria wamekubali! Basi zima liko tayari kunisubiri nje ya hospitali, watu wana misiba yao, wana mizigo yao, kwa ajili ya homa ambayo haipo.

Nikasimama. Miguu inatetemeka. "Jamani hana homa. Ana usonji. Kelele zinamuumiza masikio, naomba mzime huo mziki."

Kimya. Mmoja huko nyuma akasonya. Konda akauliza, "kwa hiyo ni mziki tu?"

"Mziki tu."

"Sasa dada si ungesema toka Bahi!" Akazima.

Manyoni tukapita bila kupima mtu. Babu karudi kwenye kifuniko chake, na bibi kanga hakuidai. Tunakaribia Ikungi simu ya mzee wa koti ikaita, mlio mkubwa ule wa kwaya, basi zima likageuka kwa pamoja, "ZIMA SIMU HIYO, MTOTO ANAUMWA MASIKIO!"

Na Babu huyo, mmmmmm.