Ndago

Jana mama kaniuliza tena: "Mwanangu, kama kipimo hakionyeshi kitu, hiyo dawa unaimezea nini?"

Tulikuwa uani Muheza. Yeye anakula balungi, mimi namenya chungwa. Balungi nilikatazwa tangu nianze imatinibu, dawa ya saratani yangu ya damu. Linauzuia mwili kuivunja dawa inavyotakiwa, mwisho inazidi kwenye damu. Na lilivyokuwa linanukia jana!

Huu mwaka wa saba. Miligramu 400 kila usiku baada ya kula, na glasi nzima ya maji. Asubuhi naamka macho yamevimba utadhani nimetoka msibani. Nimezoea. Ila swali la mama linaniuma kwa sababu ndilo hilo hilo nililompelekea dokta mwezi uliopita.

Dokta alinichorea nyuma ya bahasha ya majibu. Kromosomu, zile nyuzi za vinasaba ndani ya seli, ya 9 na ya 22 zimekatika, zikabadilishana vipande. Ile fupi iliyobaki ndiyo watafiti Nowell na Hungerford waliyoiona Philadelphia, Marekani, mwaka 1960. Mtafiti mwenzao Janet Rowley akaja kueleza mwaka 1973 kwamba ni mabadilishano. Pale zilipoungwa inatoka protini inayoiamrisha seli izae bila kupumzika. Imatinibu inajipachika ndani ya protini hiyo, amri inakatika.

Mimi usugu wa ugonjwa kwa dawa nilikuwa naujua mmoja tu: protini inageuka umbo, dawa haiingii tena. Upo kweli. Badiliko moja, T315I, linatosha kuifungia imatinibu nje, na mgonjwa anatafutiwa dawa nyingine kama ponatinibu. Halafu kuna seli zenye pampu kwenye utando wake; dawa ikiingia, zinaitema.

Seli zangu za ugonjwa, kama zipo, huenda hazijageuka chochote. Zimelala. Kwenye uboho wa mifupa hubaki seli shina chache, yaani seli mama zinazozaa nyingine, zenye kromosomu ile ile mbovu, hazigawanyiki, na uhai wake hautegemei ile amri. Jirani zake humo ubohoni wanazitunza. Sasa wewe ukate amri kwa aliyelala, umemkatia nini? Mtafiti Tessa Holyoake na wenzake walizichambua seli hizo mwaka 1999, kabla hata imatinibu haijaidhinishwa Marekani mwaka 2001.

Nikamwambia mama: juu pasafi, chini kuna zilizolala.

"Kama ndago," akasema, wala hakuinua macho kwenye balungi lake.

Ndago! Unapalilia, unapiga dawa, majani yanakauka, shamba jeupe. Vile viazi vyake vyeusi viko chini vinasubiri mvua. Nimeng'oa ndago utoto wangu wote kwenye mihogo ya mama huyu huyu, kisha nikaja kuhangaika na michoro ya bahasha.

"Sasa wakiacha dawa inakuwaje?" akauliza.

Nikamweleza jaribio la Wafaransa, lililochapishwa mwaka 2010. Waliwaachisha dawa wagonjwa 100, wote vipimo vyao vilikuwa safi kwa miaka miwili au zaidi. Kwa waliofuatiliwa mwaka mzima, kama sita katika kila kumi ugonjwa ulirudi, wengi wao ndani ya miezi sita. Waliporudishiwa dawa, ukatulia tena. Kwa hiyo dokta hakunikatalia kuacha. Alichotaka ni damu kila mwezi kwa miezi sita ya mwanzo, bila kuruka hata mmoja.

Mama akaanza kuhesabu nauli ya Dar kwa vidole, kwenda na kurudi, mara sita. Alipofika mara ya nne akaniuliza vidonge vimebaki vingapi.