Hakuna aliyeniuliza kama nalala

Doa la kwanza lilitokea pembeni ya mdomo, dogo kama punje ya mtama, nikajua nimeungua na chai. Mwaka haukuisha vidole vya mkono wa kulia vyote vyeupe, na macho yamezungukwa. Ni balanga, hospitali wanaita vitiligo, yaani kinga ya mwili yenyewe inashambulia chembe zinazotengeneza rangi ya ngozi, haiambukizi, haitokani na uchafu wala kulogwa. Hayo nayajua leo. Kipindi kile kichwani kwangu kulikuwa na Hombolo tu.

Mliokulia Dodoma mnanielewa. Hombolo ndo walikokuwa wanapelekwa wagonjwa wa ukoma, na bibi yangu akiona baka kwa mtu neno lake la kwanza ni hilo. Sasa siku daktari alipochukua pamba akaisokota ncha, akasema fumba macho, nikikugusa sema, nilitetemeka mpaka kiti kikawa kinalia. Hapo. Hapo. Na hapo. Kila baka nililisikia, maana baka la ukoma huwa linakufa ganzi, la balanga linahisi kawaida kabisa. Akaniandikia krimu, akaniambia nijikinge na jua, akaita mwingine.

Nikarudi nyumbani na krimu yangu, na hofu yangu vilevile.

Pale Majengo mama niliyekuwa nanunua kwake nyanya miaka yote akaanza kuniwekea chenji juu ya meza badala ya mkononi. Shangazi anasema ni mkono wa mtu, twende kwa mtaalamu. Nikaanza kuvaa glovu, jua la mwezi wa kumi la Dodoma mnalijua, vidole vinaloa jasho na sivui, harusi ya kaka yangu nimeshinda jikoni ili nisiwepo kwenye picha. Usiku saa nane naamka nawasha tochi ya simu nakagua mikono, naangalia kama limeongezeka, kila siku, karibu miaka miwili hivyo.

Aliyeniokoa ni nesi mmoja, nilienda kuchukua krimu akaniangalia akasema, "Dada, unalala kweli?" Nililia pale dirishani watu wamepanga foleni nyuma yangu.

Akanielekeza kwa mwanasaikolojia na mimi nikakasirika, kwa sababu kwetu ukitajiwa mambo ya akili mtu anawaza Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili, moja kwa moja. Nikaenda hivyohivyo. Nikapewa karatasi ya maswali 10, wiki iliyopita ngozi imekutia aibu kiasi gani, imekuzuia kwenda sokoni, imekuchagulia nguo za kuvaa. Hilo la nguo nilitazama glovu zangu mapajani nikashindwa kushika kalamu. Jamani kumbe haya mambo yana maswali yake kabisa, kumbe siko peke yangu!

Hakunipa dawa. Tulifanya mazoezi ya sentensi moja, "Ni balanga, haiambukizi, na haiumi", halafu unahamisha mazungumzo hapohapo, mama nyanya leo bei gani. Tuliirudia mpaka sauti ikaacha kukatika. Wiki ya kwanza nivue glovu nikiwa getini, ya pili mpaka dukani, ya tatu nipande daladala Jamatini mikono wazi. Ile ya daladala nilirudia mara nne ndo nikaweza. Mabaka hayajapungua, shingoni yameongezeka hata, ila tochi siiwashi tena usiku.

Najua madaktari wa ngozi ni wachache na foleni ni ndefu, lakini swali la yule nesi halikuchukua hata dakika, na kliniki yoyote ya ngozi inaweza kuliuliza.

Juzi kuna mama wa Nkuhungu kanipigia, binti yake wa kidato cha pili ana wiki mbili haendi shule, doa liko juu ya mdomo. Akaniuliza krimu gani nzuri. Nikamwambia mama, krimu tutaongea, kwanza nenda kakae naye chumbani umuulize shuleni wanamwambiaje. Jumatatu tunaenda naye wote watatu, na mimi naenda mikono wazi ili anione.