Marahaba ya mwisho ilikuwa saa ngapi?

Mama yangu akiitikia salamu huivuta. Ukimwambia "Shikamoo mama," anajibu "Marrrahaba mwanangu," ile r anaizungusha kama watu wa kwao. Asubuhi moja ya mwezi wa sita, 2021, nilimkuta uani kwetu Mbagala amekalia mbuzi, anakuna nazi ya maharage. Nikamwamkia. Akajibu, "Mahaba." Nikadhani ana kitu mdomoni.

Kifuu kikamponyoka, kikabiringika mavumbini. Akakiokota kwa mkono wa kulia, akakifuta kwa khanga, akakirudisha kwenye meno ya mbuzi. Kikaponyoka tena. Mara ya tatu hakukiokota, alikitazama tu. Mkono wa kushoto ulikuwa umelala pajani, kiganja kimeangalia juu, kama ameuazima kwa mtu. Nikamuuliza anajisikiaje. "Siumwi," akasema, na ulimi ulikuwa mzito kama wa mtu aliyetoka kung'olewa jino.

Kweli hakuwa anaumwa. Hilo ndilo lililonichelewesha, na nataka kila anayesoma hapa alishike. Tumezoea kwamba ugonjwa wa kukimbiza mtu hospitali ni ule unaomliza. Kiharusi mara nyingi hakiumi. Mshipa wa damu umeziba au umepasuka ndani ya ubongo, na mwenyewe amekaa anakwambia yuko sawa. Kikipiga upande wa kulia wa ubongo, unaolegea ni upande wa kushoto wa mwili, na wengine wa namna hiyo hawatambui kabisa kwamba mkono haufanyi kazi. Mama alikuwa anasema ukweli wake.

Siku tatu kabla, wakati wa chakula cha usiku, kijiko kilimdondoka na mdomo ukafa ganzi upande mmoja. Baada ya dakika kama kumi akawa mzima, akamalizia wali wake. Tukasema uchovu. Leo najua ile ilikuwa onyo: mshipa uliziba kidogo ukafunguka wenyewe, na siku chache zinazofuata ndizo za hatari zaidi. Mtu wa namna hiyo hupelekwa hospitali usiku uleule, hata kama ameshapona na anacheka. Mama alikuwa na presha ya miaka mingi, na dawa alikuwa ameacha tangu Ramadhani kwa sababu kichwa kilikuwa hakimsumbui tena.

Basi asubuhi ile nikapiga kelele, majirani wakaja. Mmoja akasema ni upepo mbaya, tusimtoe nje. Mwingine akaleta mafuta ya habasoda, akaanza kumkanda mkono. Akaletewa kikombe cha maji yaliyosomewa. Alipomeza funda moja akapaliwa, akakohoa hadi machozi. Shangazi, ambaye naye ana presha, akatoa kidonge chake kwenye mkoba akitaka kumwekea chini ya ulimi. Siwalaumu, wote walikuwa wanampenda. Lakini koo la mtu wa kiharusi linaweza kuwa limelegea kama mkono, maji yakaingia mapafuni. Presha ikishushwa ghafla, ile sehemu ya ubongo inayopigania damu inanyimwa hata kidogo kilichobaki. Aspirini nayo isitolewe nyumbani, kwa maana kama mshipa umepasuka, itazidisha kuvuja. Dua isomwe, ila isomwe ndani ya bajaji.

Tulifika hospitali saa tatu na nusu. Daktari, kijana mpole, alimpima sukari kwanza, akamwangalia macho, akaniuliza swali ambalo sikulitegemea: "Mara ya mwisho mlimwona mzima saa ngapi?" Siyo tuligundua saa ngapi. Alikuwa mzima saa ngapi.

Nikafikiri. Mimi niliachana naye saa nne usiku. Alfajiri nilisikia birika likigonga sakafu akitawadha, lakini hatukusemezana. Nikajibu, "Jana usiku." Akaandika. Kipimo cha CT, ile picha ya ndani ya kichwa, kikaonyesha hakuna damu iliyovuja, kwa hiyo ni mshipa ulioziba. Ndipo akanieleza kwamba ipo dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, lakini inatolewa ndani ya muda wa saa 4 na nusu tangu mgonjwa alipokuwa mzima. Kuhesabu kutoka jana usiku, muda ulikuwa umekwisha zamani.

Jioni mdogo wangu alipotoka kazini akaja moja kwa moja wodini. Akakaa, akalia, kisha akasema, "Lakini asubuhi alikuwa mzima. Alinimiminia chai, akaniambia nisirudi bila unga. Nilikuwa natazama simu nisikose gari, ilikuwa saa kumi na mbili na nusu."

Saa kumi na mbili na nusu. Tulipofika hospitali muda uliopita ulikuwa saa tatu tu.

Siwezi kuapa kwamba mama angepewa ile dawa. Daktari ana mengi ya kupima kabla ya kuitoa, na si kila hospitali yetu inayo. Lakini ni mimi niliyefunga ule mlango kwa maneno mawili, kwa kuwa sikumpigia mtu mmoja simu. Ndiyo maana naandika. Kabla ya kutaja saa, waulize wote waliolala nyumba ile: nani alisemezana naye mwisho, akajibu vizuri, akashika kitu vizuri? Dada wa kazi, mtoto aliyeaga kwenda shule, muuza maziwa aliyelipwa mlangoni. Na ukiitaja, taja na asubuhi au usiku, maana hospitali wanaandika saa za kizungu: hiyo saa kumi na mbili na nusu yetu ni 06:30, na anayeandika kwa haraka anaweza kuweka 12:30.

Kumkagua mtu hakuhitaji vifaa. Mimi najiambia uso, mkono, maneno. Mwambie acheke au aonyeshe meno, uangalie kama upande mmoja wa mdomo umebaki chini. Mwambie afumbe macho, anyooshe mikono yote miwili mbele, viganja juu, huku wewe ukihesabu mpaka kumi. Mkono unaoshuka wenyewe au usioinuka kabisa umeshakujibu. Kisha mpe sentensi anayoijua tangu utotoni. Mimi natumia "Haba na haba hujaza kibaba," kwa sababu midomo lazima ifunge na kufunguka. Asipoitamka sawasawa, au akitoa maneno yasiyo na maana, inatosha. Kimoja tu kati ya hivyo vitatu kikitokea ghafla, ondokeni. Msingoje cha pili na cha tatu. Kuna wengine hawapindi mdomo lakini ghafla jicho halioni, au anayumba hawezi kusimama, au kichwa kinapasuka kwa maumivu ambayo hajawahi kuyapata. Nao ni hivyohivyo. Akitapika au akizimia, mlaze ubavu. Kila dakika mshipa mkubwa ukiwa umeziba, wataalamu wamekadiria zinakufa seli za ubongo milioni 1.9.

Mwaka juzi fundi cherehani wa kibarazani kwetu aliacha kukanyaga katikati ya pindo. Nilikuwa namsubiri na sare ya mwanangu. Jasho linamtoka, mguu umekaa tu, namwita ananitazama kama hanifahamu. Uso, mkono, maneno: mkono wa kulia ulishuka nilipofika nne. Nikamwuliza mkewe mara ya mwisho, akasema muda si mrefu, alimsalimia mteja wakati wa adhana ya adhuhuri. Nikaandika saa kwenye mkono wangu kwa kalamu, tukampakia. Pale mapokezi muuguzi akamtoboa kidole: sukari ilikuwa imeshuka mno. Ana kisukari, alichoma sindano na hakula. Akawekewa glukosi kwenye mshipa, haikupita robo saa anauliza cherehani kaachiwa nani. Mkewe akaniomba radhi kwa usumbufu. Usumbufu gani, mama? Kwa macho sukari ikishuka na kiharusi vinafanana, kinachovitenganisha ni tone la damu, na tone lile linapimwa hospitali. Ningempeleka tena kesho.

Mama yuko hai. Anatembea na mkongojo, mguu wa kushoto unaburura kidogo. Nazi sasa anakuna mdogo wangu, naye anakaa pembeni akimwelekeza kwa ukali asifike kwenye ganda jeusi. Dawa za presha anameza mbele yangu, saa mbili kila usiku. Na kila alfajiri, kabla sijavaa viatu vya kazini, naingia chumbani kwake namwamkia, nasimama hapo mlangoni mpaka nisikie ile r.