Zaburi tano kwa tarehe: nilivyorudi kuomba nikiwa mchungaji

Kwa miaka mingi niliifungua Biblia nikitafuta la kuhubiri tu. Ushauri niliopewa ulikuwa mmoja: amka saa tisa usiku, omba mpaka kuche. Ushauri huo unaniudhi hadi leo, kwa sababu hausemi ulale saa ngapi. Msiba ukikutoa nyumbani hadi saa tano usiku, baada ya robo saa ya maombi maneno yanakwisha, unarudia yaleyale, na kwenye kikao cha wazee unafika na hasira.

Kilichonishika ni Zaburi. Ziko 150, kwa hiyo tano kwa siku zinaisha kwa siku 30. Tarehe ya leo ndiyo Zaburi ya kwanza, kisha unaongeza 30 mara nne. Tarehe 7 ni ya 7, 37, 67, 97 na 127. Tarehe 29 inaangukia ya 119, yenye aya 176, na hapo ndipo wengi wanapokatia tamaa. Mimi hiyo naitoa: ina vipande 22 vya aya nane nane, basi nasoma kipande kimoja kila siku, tarehe 1 hadi 22.

Naanza saa kumi na moja alfajiri, simu ikiwa chumba kingine. Nasoma kwa sauti, maana nikisoma kimoyomoyo akili inakwenda kwenye bajeti ya usharika. Za maombolezo siruki. Ya 88 inaishia gizani. Siku hiyo naiomba kwa niaba ya mfiwa, hata kama mimi nina furaha.

Kisha daftari, kaunta buku ya elfu chache tu. Kaya 120 nimezigawa nne kwa siku. Nawataja kwa majina, watoto pia, na moja kati ya hizo nne naitembelea wiki hiyohiyo. Pembeni ya jina naandika neno moja: “ada”, “mgonjwa”, “safari”. Aliyoyasema mtu kwenye maungamo hayaandikwi kamwe. Daftari husahaulika kwenye daladala.

Kufunga ni Ijumaa, maji tu hadi saa kumi na mbili jioni, kisha uji kwanza. Mwenye kisukari au vidonda vya tumbo amwone daktari kabla. Ijumaa ikiwa na maziko nahamishia Jumanne, kwa sababu wafiwa wakikuandalia chakula, unakula nao.