Hatimaye kinga ya umeme imekaa kwenye motohomu yetu, gari letu la kuishi safarini

Tangu kiangazi kilichopita, maikrowevu yetu ilipoungua kwenye kambi moja kule Arizona, sijalala kwa amani. Nyutro, yaani waya wa kurudisha umeme, kwenye nguzo ya kuchomekea umeme pale kambini ilikuwa imelegea. Kwenye umeme wa ampia 50 kuna laivu mbili, yaani nyaya zinazoleta umeme, za volti 120 kila moja. Nyutro ikikatika, volti za upande mmoja hushuka na za mwingine hupanda vibaya mno. Zikipanda, vyombo vinaungua.

Jumamosi nimefunga kinga ya kudumu, kifaa kinachokata umeme ukiwa mbovu, ndani kabisa, maana zile za kuchomeka nje huibiwa. Nilichomoa kebo ya nje, nikazima jenereta na inveta (inayogeuza umeme wa betri), kisha nikapima kwa mita kila waya kabla ya kugusa. Nyeusi na nyekundu za laivu, nyeupe ya nyutro, na ethi, waya wa ardhi. Nyaya hizi ni nene jamani! Kuzikunja ndani ya kile kisanduku chini ya kitanda kumenichubua vidole, na kila skrubu nimeikaza mara mbili.

Nilipochomeka, kimya. Kinga inasubiri dakika mbili na ushei kabla ya kupitisha umeme, ili kulinda kompresa ya eesii, yaani kiyoyozi. Mke wangu alinishika bega. Kisha tak! Skrini ikaandika volti 119 za laivu moja, halafu 118 za nyingine.