Jinsi Nilivyohamisha Majedwali ya Hifadhidata Kwenda Excel bila Kuharibu Nambari

Nilihitaji kuhamisha majedwali ya hifadhidata ya SQLite kwenda Excel, lakini kila faili la CSV (maandishi matupu yanayotenganishwa kwa koma) lilipofunguliwa, nambari za utambulisho zinazoanza na sifuri zilipoteza sifuri hizo, na katika nambari ndefu tarakimu zote baada ya ile ya 15 ziligeuka kuwa sifuri. Hifadhidata haikuwa na kasoro. Faili la CSV halibebi taarifa ya aina ya data, hivyo Excel hukisia yenyewe, na tarakimu zikishahifadhiwa zikiwa zimeharibika, hakuna mpangilio wa kisanduku unaoweza kuzirudisha. Hili ndilo linalonifanya nisiipendekeze CSV kwa nambari za aina hiyo.

Nilichofanya ni kuandika faili la XLSX (muundo wa Excel wenyewe) moja kwa moja kwa Python kupitia maktaba ya openpyxl, ambayo huyaacha maandishi yabaki maandishi, mradi safu wima husika katika hifadhidata ni ya aina ya TEXT (maandishi). Kwa kuwa jedwali moja lilikuwa kubwa mno, nilitumia write_only=True (hali ya kuandika tu), nikasoma rekodi kwa mafungu kwa fetchmany(5000) na kuziongeza kwa append, ili kumbukumbu ya kompyuta isijae. Karatasi moja ya Excel hupokea safu mlalo 1,048,576 tu, kwa hiyo msimbo hufungua karatasi nyingine kabla ya kikomo hicho, na jina la karatasi halizidi herufi 31. Kabla ya kuhifadhi, msimbo hulinganisha jibu la SELECT COUNT(*), yaani hesabu ya rekodi zilizomo katika jedwali, na idadi ya rekodi zilizoandikwa, na husimama iwapo hazilingani.