OID si maandishi: mitego ya namba zenye nukta

Mwenye ruta na swichi zilizotapakaa kutoka Posta hadi Mbezi, na UPS zinazolia kila umeme unapokatika, anaijua SNMP, itifaki ya kuviuliza vifaa vya mtandao hali zao. Kila unachokiuliza kina anwani yake, mfano 1.3.6.1.2.1.2.2.1.10.9, yaani baiti zilizoingia kupitia porti yenye fahirisi 9. Anwani hiyo ndiyo OID: orodha ya namba kamili, kila moja ikiwa tawi la mti. Nukta ni za macho ya binadamu tu.

Kosa mama ni kuibeba OID kama maandishi. Kimaandishi, "10" inatangulia "9". Programu inayotembea kwenye jedwali kwa kuuliza "kinachofuata ni kipi?" lazima ihakikishe kila jibu ni kubwa kuliko lililopita, la sivyo kifaa kibovu kitaizungusha milele. Ukilinganisha kimaandishi, ukitoka .9 kwenda .10 utaona umerudi nyuma, na safari itaishia hapo. Swichi ya porti 24, ripoti inaonyesha 9. Watu hulaumu swichi, wengine hata kebo.

Kutambua kampuni kuna mtego uleule. Cisco wako chini ya 1.3.6.1.4.1.9. Ukitumia startswith ya Python ("maandishi yanaanza na...") bila nukta ya mwisho, umewabeba na wote ambao namba yao inaanza na 9. Geuza kila kitu kuwa tuple (orodha ya namba isiyobadilika) mlangoni, kisha linganisha a[:len(p)] == p, a ikiwa OID na p mwanzo unaoutafuta.

```
import re
UMBO = re.compile(r"\.?[0-2](\.(0|[1-9][0-9]*))+")

def soma(s):
    if not UMBO.fullmatch(s):
        raise ValueError(s)
    return tuple(int(x) for x in s.lstrip(".").split("."))
```

Kwa nini usitegemee int() peke yake? Kwa sababu Python inaikubali "1_4" kama 14, na "03" kama 3. Nukta ya mwanzo imeruhusiwa kwa kuwa snmpwalk, amri ya kutembea kwenye majedwali hayo, ikiwa na -On huiweka. Bila -On, kwenye Ubuntu ambayo haijawekewa MIB (faili za majina ya OID), utaletewa "iso.3.6.1…", na hiyo acha ikataliwe.

Kwenye waya, OID inapotumwa kama baiti, mambo yanabadilika. Namba mbili za kwanza huunganishwa: 40 × ya kwanza + ya pili. Zinazobaki huandikwa biti saba saba, na kila baiti isiyo ya mwisho huwashwa biti ya juu. Tuchukue MikroTik, 1.3.6.1.4.1.14988. Moja na tatu zinakuwa 43, yaani 2B kwa heksadesimali. 14988 ni 117 × 128 + 12, hivyo F5 0C. Jumla: 2B 06 01 04 01 F5 0C.

Wengi wanapofungua baiti ya kwanza hugawanya kwa 40 na kuridhika. Tawi la Tanzania, 2.16.834 (60 86 42), litapita salama, maana 96 kwa 40 ni 2 baki 16. Kumbe namba ya pili huishia 39 pale tu mzizi, yaani namba ya kwanza, ni 0 au 1; mzizi wa 2 hauna kikomo hicho. Jaribu 2.999, tawi lililotengwa kwa mifano: ni 88 37, thamani yake 1079, na kugawanya kunatoa 26.39, kitu kisichokuwepo. Sahihi ni hivi: ikiwa thamani ni 80 au zaidi, mzizi ni 2 na unatoa 80.

Namba isianze na baiti 80 ya heksadesimali (0x80). Huo ni ujazo mtupu, kataa. Mwaka 2009 Dan Kaminsky na wenzake walionyesha kwamba kwenye vyeti vya usalama, ujazo huo, au 2.5.4.18446744073709551619 inayofurika biti 64 na kubaki 3, ungeweza kusomwa na programu moja kama 2.5.4.3, jina la mwenye cheti, na nyingine isilione. Python haifuriki. C na Go zinahitaji ukaguzi.

Kwenye hifadhidata ya PostgreSQL hifadhi bigint[], si integer[]: tawi la SNMP hufika 4294967295, integer inaishia 2147483647. Na ile aina yao iitwayo oid haihusiani kabisa.